Mkazi, Kabrasha na Hesabu: Uwajibikaji wa Mabaraza ya Madiwani Mkoani Singida

Gari la alizeti litokapo Ikungi au Mkalama kuelekea kwenye mashine za kukamulia, hukutana kwenye kizuizi cha mazao na kijana mwenye mashine ya POS, naye hubonyeza tarakimu, akachana risiti nyembamba, kisha akaliruhusu lipite. Ushuru ule, kwa mujibu wa sheria, humhusu mnunuzi, na tangu mwaka 2017 kiwango chake kilipunguzwa hata kikawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani moja anaouvusha kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Lakini hakuna mkulima asiyejua ya kuwa mnunuzi huukata ushuru huo katika bei ya gunia, na ya kuwa aliyeulipa mwisho wa hesabu ni mwenye shamba. Basi fedha ile ikishaingia katika mashine huenda wapi? Nani ameamua iende huko, na mkulima akitaka kuuliza amwendee nani, lini, na akiwa na hujja gani mkononi? Mas'ala yote ya uwajibikaji wa serikali za mitaa, kwa mkazi wa Singida, yamo katika maswali hayo, nami nataka kuyachambua kwa utaratibu, kwa kuwa majibu tuliyozoea kupewa, ama ya kusifu ama ya kulaumu, aghalabu huishia kwenye tabia za watu na kuuacha mpangilio wenyewe bila kuguswa.

Katiba yetu haina utata katika jambo hili. Ibara ya 145 imeamuru kuwepo vyombo vya serikali za mitaa, na ya 146 imetamka ya kuwa madhumuni ya vyombo hivyo ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkoa wa Singida una halmashauri saba, nazo ni Manispaa ya Singida, Halmashauri ya Wilaya ya Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi, na kila moja ina Baraza la Madiwani lenye wajumbe waliochaguliwa na kata, wanawake wa viti maalum, na wabunge wa eneo husika. Chini yake kuna Kamati za Maendeleo za Kata, na chini kabisa mikutano ya vijiji na mitaa. Kwa namna ya maandishi, basi, mkazi amepewa kila kitu. Alichonyimwa, na hii ndiyo hoja yangu, ni jambo moja ambalo bila yake mengine yote hupungukiwa na nguvu, nalo ni kuijua hesabu kabla fedha haijatumika. Vikao vyetu karibu vyote vimepangwa ili mtu aelezwe baada ya jambo kupita, ilhali mtu anayeelezwa baadaye hana la kusimamia. Anabaki na la kusikitikia tu.

Mwelekeo huu una asili yake. Kabla ya wakoloni, Wanyaturu, wenyeji wa Singida, hawakuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Mashauri yao yalikatwa na wazee wa koo na wa vijiji, mbele ya watu waliojuana. Utawala wa Mwingereza ulipotunga Sheria ya Tawala za Wenyeji mwaka 1926, machifu walithibitishwa au kukwezwa ili wakusanye kodi na kutekeleza amri, na cheo chao kilitegemea ridhaa ya Bomani kuliko ridhaa ya wale waliotozwa. Sheria ya mwaka 1953 ilileta mabaraza yenye wajumbe wa kuchaguliwa, na baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu ukafutwa kama chombo cha serikali, ikatarajiwa kwamba sasa baraza la wilaya litakuwa la raia wenyewe. Miaka tisa haikutimia vyema kabla ya kuja mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972, uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Marekani iitwayo McKinsey, ambao kwa jina ulipeleka madaraka chini, lakini kwa vitendo ulifuta mabaraza yaliyochaguliwa na kuwaweka maofisa wa serikali kuu mahali pao. Miji ilichakaa, taka zikarundikana, kipindupindu kikaingia, na mabaraza ya miji yakarudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikayarejesha na ya wilaya, nayo yakaanza kazi upya mwaka 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, alipohojiwa juu ya uongozi wake, alikiri ya kuwa kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyarudia lau angeanza tena. Ni ungamo zito kutoka kwa kiongozi wa daraja lake, na linastahili kukumbukwa kila tunapozungumza habari hizi, kwa sababu mabaraza tuliyo nayo leo yalijengwa upya juu ya ardhi ambayo mazoea ya kutazama juu yalikwisha kukomaa.

Sasa tuingie ukumbini. Mkutano wa kawaida wa Baraza hukaa kila robo ya mwaka, na kwa kaida huchukua siku mbili: siku ya kwanza madiwani huwasilisha taarifa za kata zao, na siku ya pili hupokewa taarifa za kamati za kudumu. Mikutano hii ni ya hadhara, na raia yeyote ana haki ya kuketi na kusikiliza. Katika halmashauri moja ya mkoa huu, ambayo sitaitaja kwa kuwa ninaloeleza ni kaida ya nchi nzima, nimeketi kwenye viti vya nyuma nikatazama mambo yanavyokwenda. Dua husomwa, ajenda hufunguliwa, muhtasari wa kikao kilichopita huthibitishwa, halafu mwenyekiti huwaelekeza wajumbe wafungue kabrasha, yaani fungu la nyaraka za kikao, ukurasa fulani, jedwali fulani, safu ya tatu. Mjumbe husimama akasema ya kuwa tarakimu iliyo safu ya tatu hailingani na iliyo ukurasa uliopita. Mkuu wa idara hujibu ya kuwa tofauti hiyo imeelezwa kwenye kiambatisho. Mjumbe hushukuru na kuketi. Wananchi tuliokaa nyuma hatuna kabrasha. Tumesikia ukurasa, jedwali na safu, tumesikia ya kuwa kuna tofauti, na ya kuwa imeelezwa, na tunatoka ukumbini bila kujua tofauti ilikuwa ya shilingi ngapi, katika mradi gani, wala iliyoeleza ni sababu gani. Mzee aliyeketi jirani yangu, aliyekuja kufuatilia kisima cha kitongoji chake, aliniuliza kwa sauti ya chini kama kisima kimeshatajwa, na sikuweza kumjibu, kwa maana kama kilitajwa basi kilitajwa kwa namba.

Ikifika zamu ya mambo ya watumishi, Baraza hugeuka kamati, na wageni pamoja na waandishi wa habari huombwa kutoka. Sina ugomvi na faragha hiyo, kwani mtu hawezi kuhukumiwa nidhamu yake mbele ya halaiki kabla tuhuma hazijathibitika. Ninachosema ni kwamba hata milango ikiwa wazi, mkazi asiye na karatasi mkononi amefungiwa vilevile. Kadhalika kamati za kudumu, na hasa Kamati ya Fedha, ambayo hukutana kila mwezi na ambako ndiko mapato na matumizi huchambuliwa shilingi kwa shilingi, hufanya kazi yake bila ya hadhara, hata linapokuja Baraza kamili maamuzi huwa yamekwisha kuiva, na kilichobaki ni kuyapokea.

Jambo hili ni zito zaidi katika bajeti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi yetu imekuwa na mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao humtaka kila mwanakijiji ashiriki kutaja mahitaji: zahanati, nyumba ya mwalimu, kivuko, josho la ng'ombe. Kijiji hupanga vipaumbele vyake, Kamati ya Maendeleo ya Kata huvikusanya, na halmashauri huvipokea. Halafu kutoka juu hushuka ukomo wa bajeti, yaani kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka, pamoja na mwongozo wa mambo ya kupewa kipaumbele mwaka huo, na orodha ndefu iliyotoka vijijini hupunguzwa ili ienee ndani ya kiwango hicho. Kupunguza si dhambi. Hakuna hazina isiyo na mwisho, na halmashauri za mkoa wetu, ambazo mapato yake ya ndani hutegemea alizeti, vitunguu, mifugo, asali na ushuru wa minada, hupata sehemu kubwa ya fedha zao kutoka serikali kuu. Taksiri iko hapa: kijiji kilichoombwa orodha aghalabu hakiambiwi tena orodha yake ilikatwa wapi na kwa nini. Mwaka unaofuata kinaombwa orodha nyingine, nacho kinatoa ileile, na watu wanaohudhuria wanapungua, hata mtendaji anapoandika ya kuwa mwitikio wa wananchi ni hafifu, anaandika kweli bila kuandika sababu yake.

Yumkini msomaji atauliza: diwani je? Si yeye aliyechaguliwa ili atuulizie? Ni yeye, walakini tumtazame amesimama wapi. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa Baraza, huteuliwa na Rais; Baraza lina mamlaka ya nidhamu juu ya watumishi wengi wa chini yake, lakini juu yake mwenyewe linaweza kulalamika tu kwa walio juu. Posho ya kila mwezi ya diwani, iliyokuwa ikilipwa na halmashauri na mara nyingi ikichelewa, ilihamishiwa serikali kuu kwa halmashauri nyingi katika bajeti iliyosomwa Juni 2021 na Dkt. Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa diwani anayemdai mkurugenzi posho yake hawezi kumkagua kwa moyo mkunjufu. Pamoja na hayo, matokeo yake ni uzi mmoja zaidi uliovutwa juu. Bajeti hiyohiyo ndiyo iliyoanza kukata kodi ya majengo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kodi hiyo ilikuwa pato la halmashauri, ikahamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016, na sasa mwenye nyumba wa Mandewa au Majengo huilipa anaponunua umeme bila hata kukumbuka ya kuwa amelipa kodi. Raia aliyelipa bila kujua hawezi kudai kwa kujua.

Siasa nayo imeongeza uzito upande uleule. Uchaguzi wa vijiji, mitaa na vitongoji wa Novemba 2019, ambao vyama vikuu vya upinzani viliususia, na ule wa tarehe 27 Novemba 2024, zote mbili zilikiachia chama kimoja karibu viti vyote, na mabaraza mengi yaliyotokana na uchaguzi wa mwaka 2020 yalikuwa ya chama kimoja au pungufu kidogo ya hapo. Sisemi ya kuwa chama kimoja hakiwezi kujikosoa; wapo madiwani wa chama tawala ambao nimewasikia wakiuliza maswali makali kuliko ya mpinzani yeyote. Lakini pale ambapo wajumbe wote ni wa nyumba moja, hoja ngumu humalizwa katika kikao cha madiwani wa chama kinachotangulia Baraza, na mwananchi aliyekuja siku ya hadhara hukuta maji yametulia. Fauka ya hayo, kwa miaka mingi mkurugenzi yuleyule alikuwa ndiye msimamizi wa uchaguzi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliona ya kuwa jambo hilo halipatani na Katiba. Miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mahakama imekwisha kusema, na neno lake ni sheria, bali mkazi bado anaweza kuona ya kuwa mtu anayepaswa kukaguliwa na diwani ndiye aliyesimamia uchaguzi wa huyo diwani.

Hapa watu hunikumbusha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake inalindwa na Ibara ya 143, na ambaye taarifa zake za kila mwaka huwasilishwa bungeni mwezi Aprili. Ninaziheshimu taarifa hizo kwa dhati, kwani ndizo zilizotuonyesha fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS bila kupelekwa benki, na mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliyotolewa kwa vikundi visivyorejesha na vingine visivyokuwapo kabisa, hata serikali ikaisimamisha mikopo hiyo mwaka 2023 na kuirudisha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Lakini kuna mambo mawili ambayo mkazi hana budi kuyafahamu. La kwanza ni hati safi. Halmashauri ikipata hati safi husherehekea, na wananchi huamini ya kuwa hakuna kilichopotea. Kumbe hati ile ni shahada ya kwamba vitabu vya hesabu vimeandikwa kwa mujibu wa kanuni na vinaonyesha hali halisi kwa kiwango cha kuridhisha, nayo haisemi kama zahanati iliyogharimu fedha hizo ilistahili kuzigharimu, wala kama ina dawa. La pili ni wakati. Hoja za mkaguzi hujadiliwa katika Baraza maalum, aghalabu mbele ya Mkuu wa Mkoa, mwaka mmoja au zaidi baada ya fedha kutumika, na kufikia hapo mtumishi amekwisha kuhamishwa, mkandarasi amekwisha kulipwa, na ukuta umekwisha kupata ufa. Kisha hesabu hupelekwa kwa Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, nayo hukaa Dodoma, mbali na kitongoji chenye ufa.

Hata hivyo nchi yetu imeshuhudia mfano wa kinyume chake, na ningependa tukae nao kidogo, kwa kuwa unafundisha kuliko lawama zote. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali, kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ilitekeleza mpango wa takriban shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na ndani yake kulikuwa na ujenzi wa vyumba vya madarasa 15,000, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Kiwango hicho kilitangazwa redioni, kikarudiwa na wakuu wa mikoa na wilaya, kikabandikwa maofisini, hata mama anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu ya Singida alikijua. Ujenzi wenyewe ulisimamiwa na kamati za wananchi, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, na mafundi walikuwa wa palepale. Kamati ya mapokezi ilipokwenda kupokea saruji ilikuwa na daftari, ikahesabu mifuko garini na kuihesabu tena stoo. Nondo zilipimwa unene, si kuhesabiwa tu. Bati lilipokuja jembamba, mjumbe aliyesoma mpaka darasa la saba aliweza kusimama akasema halishuki, kwa kuwa bei yake ilikuwa imeandikwa na milioni 20 ilikuwa imetajwa. Dosari zilikuwapo, na kwingine wananchi walichangia nguvu na fedha zaidi ya ilivyosemwa. Lakini hebu tujiulize ni nini kilichowapa watu wale kauli. Wakurugenzi walikuwa wa kuteuliwa vilevile, na mabaraza yalikuwa ya chama kilekile. Kilichobadilika ni kwamba raia aliijua tarakimu kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kushushwa.

Uganda waliligundua jambo hili mapema zaidi. Uchunguzi uliofanywa huko juu ya miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha ya kuwa katika ruzuku iliyokusudiwa shule za msingi kwa matumizi yasiyo ya mishahara, wastani wa asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kile zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilikuwa imezidi asilimia 80. Wataalamu wengine wamehoji, kwa insafu, kama matangazo peke yake ndiyo yaliyoleta mageuzi hayo, kwani utaratibu mzima wa kupeleka fedha nao ulibadilishwa. Hata tukikubali hoja yao, inabaki ya kuwa mzazi aliyesoma ukutani alikuwa na la kumwuliza mwalimu. Kenya nao, chini ya Katiba yao ya 2010, walikwenda hatua nyingine: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya kupitishwa. Huko kumwarifu raia ni sharti la uhalali wa kodi. Kwetu bado ni hisani.

Wala si kwamba sisi hatuna sheria ya kushika. Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unapaswa kusomewa mapato na matumizi kila robo mwaka. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 30. Ruzuku ya elimu bila malipo, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ni hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuizidisha kwa idadi ya watoto wa shule ya kijiji chake. Sisi wakazi nasi tuna sehemu yetu katika nakisi hii. Mkutano wa kijiji ukiitishwa ili kusoma hesabu, wanaofika hawajazi kivuli cha mwembe. Ukiitishwa kwa habari ya pembejeo au mipaka ya mashamba, watu hujaa hata barabarani. Nimewahi kuona mkutano wa hesabu ukiahirishwa mara kwa mara kwa kukosa akidi, kisha taarifa ikasomwa kwa wachache waliovumilia, na waliobaki nyumbani wakalalamika vilabuni na magengeni ya kuwa hawakusomewa.

Ninachopendekeza ni kidogo kwa gharama. Kabrasha la Baraza, siku saba kabla ya mkutano, liwekwe nakala moja katika kila ofisi ya kata, likiambatana na ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaotaja kila mradi wa kata hiyo kwa jina la mahali, kiasi kilichopangwa, kiasi kilichofika, na mtu anayeusimamia. Orodha ya vipaumbele vya kijiji ikikatwa na ukomo, irudi kijijini na alama ya kilichokatwa na sababu yake. Na diwani aitishe mkutano wa kata yake kabla ya Baraza, si baada yake, ili atakaposimama ukumbini awe amebeba swali la watu. Wapo watakaosema ya kuwa karatasi ni ghali na ya kuwa watu hawatasoma. Karatasi ya ukurasa mmoja kwa kata haiwezi kuwa ghali kwa halmashauri inayochapa makabrasha kwa kila mjumbe na kila mkuu wa idara. Ama kusoma, katika kila kitongoji cha Manyoni, Iramba na Itigi yupo kijana aliyemaliza shule asiye na kazi, ambaye jioni huwasomea wazee ujumbe wa simu na matokeo ya mpira, na Munguli, kule Mkalama wanakoishi Wahadzabe, wapo vijana waliosoma ambao wanaweza kuwaeleza wazee wao karatasi hiyo inasema nini juu ya ardhi ya mawindo na shule yao. Hao wote hawajaletewa karatasi bado, na hakuna kanuni ninayoijua inayomkataza mkurugenzi yeyote wa halmashauri zetu saba kuanza kuipeleka robo hii.